Mwenye Heri Berte wa Hazelbeke na Ukurasa wa Machozi

Alizaliwa mjini Tienen, katika nchi ya Brabanti, mwaka 1411, siku ambayo baba yake, karani wa parokia, alikuwa akihangaika na kengele iliyokwama. Watakatifu wengine, tunaambiwa, walikataa kunyonya siku za Ijumaa. Berte alinyonya siku zote saba, na hakuna aliyewahi kumsikia akijuta. Kilatini alifundishwa na baba yake, kwa sababu kati ya watoto sita ni yeye peke yake aliyeweza kutulia kitini.

Alipofikisha miaka kumi na minane aliingia katika monasteri yetu ya Hazelbeke. Wito wake haukuja na radi. Alisema mwenyewe kwamba alipenda namna tulivyoimba, na alipenda zaidi kwamba wakati wa chakula mtu mmoja husoma kitabu na wengine wote hunyamaza, maana kwao chakula kilikuwa kelele tupu.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu. Kila tarehe tatu Septemba, sikukuu ya Mwenye Heri Heilwig, mwanzilishi wa nyumba yetu aliyefariki miaka mia mbili kabla ya hapo, tulisomewa maisha yake mezani kwa Kilatini. Kukitamka tulijua sote. Kukielewa lilikuwa jambo jingine. Msomaji alipofika ukurasa wa arobaini alianza kwenda polepole, kwa sauti ya chini, nasi tukapiga magoti tukalia mpaka supu ikapoa. Kisha tulipanga mstari kuubusu ukurasa huo. Kumbe zamani mtu alimwaga bia pale, herufi zikafifia, na msomaji alikuwa akitafuta maneno tu. Sisi tuliona ni huzuni. Tukabusu, herufi zikafifia zaidi, na msomaji wa mwaka uliofuata akaenda polepole zaidi. Tulilia hivyo kwa miaka tisini.

Hakuna aliyelia kumshinda Sista Aechte. Alikuwa mpika bia wetu hadi siku Mama Mkuu Yda alipomwondoa kazini mbele ya watu wote, akisema bia ile inafaa kuogeshea ng'ombe. Tangu hapo wawili hao hawakusemezana kwa miaka kumi na tisa. Walipitisha maneno kwa mtu wa tatu, hata wakiwa wamekaa benchi moja.

"Mwambie Sista Aechte afunge dirisha."

"Mwambie Mama limefungwa tangu jana."

Baada ya Pasaka ya mwaka 1440 Aechte alivimba miguu, tukajua hataiona Pasaka nyingine. Akamwita Berte.

"Mwanangu, ukurasa ule nimeulilia miaka sitini. Sitaki kufa bila kujua nalia nini. Nigeuzie kwa lugha yetu."

Mama Mkuu aliruhusu, kwa kupitia mtu wa tatu. Berte alifanya kazi kiangazi chote, akiuinua ukurasa juani ili herufi zilizofifia zisomeke, na mwezi Agosti akawasomea Mama Mkuu na padre wetu, Wouter, ili waipitishe. Ukurasa wa arobaini ulisema hivi: Heilwig alimnunia mpishi wake miaka kumi na mmoja kwa sababu ya samaki wa chumvi, akimwagiza kwa kengele, mpaka siku mpishi alipotumbukia katika pipa la bia. Heilwig akamvuta kwa shela. Wakatazamana, wakacheka, na Heilwig akaomba radhi akiwa amelowa chapachapa. Malaika hakuwemo hata mmoja.

Uso wa Mama Mkuu uliiva. "Nani kakutuma unisute?"

"Mama, kaandika muungamishi wake."

"Basi tia maono hapo. Mbingu zifunguke kidogo."

"Malaika wawili watatu tu, Berte," Padre Wouter alibembeleza. "Nani atawahesabu?"

"Vyoo nitaosha, Mama, na nguruwe nitawalisha. Lakini kumsingizia marehemu, hapana."

Aliadhibiwa kula sakafuni, mkate na maji, siku thelathini. Padre akatunga ukurasa mpya wenye malaika kumi na wawili, kila mmoja na mshumaa wake. Berte alilia sana, na si kwa ajili ya mkate. Alijua mwanamke mgonjwa ameomba ukweli, naye atazikwa na mishumaa ya Padre Wouter.

Sikukuu ilipofika, Mama Mkuu alimwamuru Berte asome yeye, ili sote tuone ametii. Aechte aliletwa amebebwa kitini. Ukurasa wa thelathini na tisa ulipokwisha tukapiga magoti, vitambaa mkononi. Berte akaigeuza karatasi ya padre kifudifudi, akasema kwa moyo maneno ya kweli, pipa na shela na vyote. Mtu mmoja alicheka akajifanya anakohoa.

"Yda," Aechte akaita.

Mama Mkuu akageuka, na Aechte akamwuliza:

"Ile bia ilikuwa mbaya kweli?"

"Mbaya sana, dada yangu."

"Si ungeniambia pembeni?"

"Ningeweza. Niliona raha watu walivyocheka. Nisamehe."

Siku hiyo tulilia tukijua sababu. Aechte alifariki siku ya sita, na aliyemlisha supu kwa kijiko hadi mwisho ni Mama Mkuu. Berte aliongezewa siku kumi za sakafuni, maana nadhiri ya utii ni nadhiri. Ila mkate wake alipelekewa na Mama mwenyewe, na chini yake kulikuwa na jibini.

Berte alitugeuzia maisha ya watakatifu wanawake tisa kabla ya kufariki, mwezi Februari 1467. Inasemekana wanaotia chumvi habari zao mbele ya kaburi lake hupatwa na kwikwi. Padre Wouter aliacha kupita njia hiyo.

Aliyekuwa naye mchana ule alipofariki ni mimi, Sista Mabelie. Katika maisha yake niliyoyaandika kwanza nilisema mbingu zilifunguka na uso wake ukang'aa. Naona aibu. Hazikufunguka. Alinishika mkono akasema, "Naogopa, Mabelie. Usiondoke." Sikuondoka. Ninyi mlio na nakala ile ya kwanza, nawaomba mfute mstari huo na kuandika huu mahali pake, ili yeyote atakayeogopa saa yake ikifika ajue kwamba Mwenye Heri Berte naye aliogopa, akaomba mkono, akapewa.