Siku ya Mama Hawakuzima

Nilikasirika siku tuliyomuzika mama, na mpaka leo sijapoa. Watu wa hapa Nchelenge, kando ya ziwa, wananiambia, yaya, mukubwa wetu, achilia, dunia inabadilika. Ibadilike basi. Nani ameikataza?

Mama alikuwa mutu wa ng'ambo, upande wa Kongo. Alivuka ziwa akiwa musichana, akaolewa huku, akabaki kukausha samaki kwa moshi mpaka macho yakawa mekundu kama ya mulevi. Ufuko wote ulikuwa matanuru ya udongo, na wanawake wakigombana juu ya kuni, wakisalimiana kwa Kibemba na kutukanana kwa Kiswahili. Sisi watoto tulinuka moshi. Shuleni walitucheka, lakini sisi tulikuwa tumeshiba.

Kulikuwa na desturi moja. Mutu akifa, siku ya kumupeleka makaburini kila mwanamuke alizima tanuru lake. Alichota maji ya ziwa, akamwaga kwenye moto, hata kama samaki hawajakauka, ili marehemu apite bila moshi, watu wote wametulia. Hakuna aliyeuliza kama ni Mubemba ao Mukongomani. Samaki wa siku ile walioza, kwisha. Mama alizima hata kwa watu waliomunyima salamu. Njo maana alipolala mara ya mwisho aliniomba kitu kimoja tu: "Mutoto wangu, siku yangu munipitishe kando ya ziwa. Na mie wanizimie."

Lakini wazime nini? Matanuru yalibomolewa. Sasa pale kuna nyumba ya barafu, na jenereta inanguruma muchana na usiku, na malori yanapakia samaki wabichi kwenda mijini. Wavuvi wanapigiwa simu wakiwa bado majini. Wanawake wa matanuru wanauza vocha chini ya miavuli. Tanuru la mama peke yake lilibaki, nyuma ya nyumba yetu.

Asubuhi ya maziko nikaenda kwa mwenye jenereta. Si mugeni. Amekulia mulango wa pili, amekula bukari kwetu, ugali wa mama yangu. Mama yake alipokufa, mama yangu alikuwa wa kwanza kumwaga maji, na tanuru lilikuwa limejaa.

"Uzime tu wakati tunapita," nikamwambia. "Kisha uwashe."

Hakuinuka hata kwenye kiti. "Yaya, pole sana. Lakini nikizima, barafu inayeyuka. Samaki itaoza."

"Kwa mama yako ilioza."

"Ile ilikuwa zamani," akasema. Simu yake ikalia, akapokea.

Barafu gani inayeyuka kwa muda wa wimbo mumoja? Kabla sijafika nyumbani, alikuwa ametuma picha ya mushumaa unaowaka kwenye grupu ya simu ya mutaa wetu. Mushumaa! Mutu anaombwa kuzima, yeye anawasha. Na chini yake majirani wakapanga vipicha vya mikono ya maombi, hata wale ambao wangeweza kuvuka barabara tu na kuingia kwetu.

Tukamupitisha mama kando ya ziwa kama alivyoomba. Waimbaji wa kanisa walipandisha sauti, jenereta ikawashinda. Kisha lori likatupigia honi, na tukalipisha njia, jeneza begani. Mama yangu, aliyewazimia watu moto maisha yake yote, akasogezwa pembeni ya njia kwa ajili ya barafu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Tuliporudi nikasikia harufu ya moshi. Nyuma ya nyumba tanuru la mama lilikuwa linawaka. Mudogo wangu aliliwasha asubuhi, nikiwa kwa yule bwana, ili watu wa kilio wapate kula. Hata sisi, wa tumbo lake, hatukuwa tumemuzimia.

Nikachukua ndoo, nikateremka ziwani, nikachota. Mudogo wangu akanikimbilia aliponiona nainua ndoo juu ya moto.

"Yaya, unafanya nini? Samaki itaoza."

"Wacha ioze," nikamwambia, nikamwaga.