Nyumba ya Mbao Mpaka Jambiani

Watoto wetu walipotwambia kuwa mwaka huu tumepata nafasi ya kwenda Hija, mimi na mume wangu, sikufikiria ndege wala joto la Makka. Niliwafikiria watu wa pwani ya mashariki. Kwetu mtu hendi Hija kabla hajawazungukia watu aliokaa nao. Unamshika mwenzako mkono, unamwambia: nimekukosea kwa ninalolijua na nisilolijua, niwie radhi. Na yeye akishasema nimekuwia radhi, hapo roho inatulia, unaweza kufunga begi.

Majirani zetu wa Mji Mkongwe tuliwamaliza kwa siku tatu, mlango kwa mlango. Ikabaki pwani, ambako mume wangu alikuwa akipeleka vitanda na makabati tangu ujana wake. Mjukuu wangu wa kike akanambia, "Bibi, siku hizi watu wanatuma sauti kwenye simu. Unasema mara moja tu, inawafikia wote."

"Na mkono ntawapa kwenye simu hiyo hiyo?"

Akacheka, akaniacha.

Mume wangu ni fundi seremala. Kigari chake cha kubebea samani kilikuwa kimekaa bure tangu magoti yalipomkataza kazi. Basi akakijengea chumba cha mbao juu ya bodi. Alitia kitanda cha watu wawili, rafu ya vikombe, mahali pa jiko la gesi, dirisha moja la ubavuni, na nyuma akaweka mlango mdogo wa mfenesi ulionakishiwa, kama milango mikubwa ya mjini ila huu ukimfika mtu kifuani. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Jirani mmoja akamwambia, "Mzee, umejenga nyumba ya pili, mke wa pili yuko wapi?" Mume wangu akajibu kuwa nyumba hii ina gari, mke wa pili atamkimbia nayo.

Alisahau kitu kimoja tu, pazia la dirisha. Nilimwambia tukiwa bado hatujatoka Darajani. Akasema, "Nani atakuchungulia wewe?"

Hatukuandika orodha ya watu. Orodha ilikuwa mimi. Majina yote ninayo kichwani, la mtu, la babaake na la mtaa aliohamia. Humu siyaandiki, kwa sababu sikuwaomba ruhusa. Lakini kwenye safari ile mume wangu alikuwa akipunguza mwendo kila kwenye njia panda, ananitazama, na mimi namwambia, kulia, mnazi uliopinda, nyumba ya mlango wa kijani.

Tulipitia Mkokotoni, tukashuka Matemwe. Matemwe mume wangu alikuwa na lake zito. Aliwahi kumfanyia mzee mmoja wa huko kitanda cha harusi, na kitanda kikavunjika ndani ya siku saba za fungate. Mume wangu alilibeba jambo hilo miaka na miaka. Akamshika mzee yule mkono, akaanza maneno yake, zile mbao hazikuwa zimekauka vizuri, niwie radhi.

Mzee akamwangalia, akamwangalia mkewe aliyekaa ukumbini anachambua mchele, halafu akasema polepole, "Fundi, mbao zako hazikuwa na kosa."

Mkewe akamrushia chuya za mchele. Tulicheka mpaka nikakohoa. Tukapewa radhi na kilo mbili za pweza.

Siku zikenda hivyo hivyo. Asubuhi tunakunywa chai ya mchaichai tukiwa tumefungua mlango wetu mdogo kuelekea baharini, maji yakiwa yametoka mbali, mchanga mweupe unaumiza macho, na wanawake wamekwenda kwenye mwani wanaonekana wadogo kama njiwa. Mimi nimezaliwa kisiwani humu, nimezeekea humu, lakini nilikuwa sijapata kukaa tu nikaitazama pwani bila ya kuwa na mtoto mgongoni au kapu mkononi. Mume wangu naye hakuwa na haraka. Gari ikichoka kwenye jua tunaisimamisha chini ya mivinje, analala yeye, nakaa mimi.

Uroa tulisimama karibu na mahoteli. Hatujamaliza hata kuwasha jiko, dirishani pakatokea vichwa vitatu vya vijana.

"Shikamoo Bi. Chipsi zipo?"

"Marahaba. Chipsi za nani?"

"Si duka hili?"

Mume wangu akajibu kutoka kitandani, "Chipsi zimekwisha, urojo ndo unachemka." Wakakaa kitako wanangoja urojo! Ikabidi niwape mandazi niliyoyatia safarini. Walipoondoka nikamwambia mume wangu, "Umeona sasa? Pazia."

"Naam," akasema, na hakufanya kitu.

Nilikuwa nacheka, lakini kila tulivyozidi kushuka kusini kicheko kilikuwa kinapungua. Kutoka Chwaka hakuna njia ya kufuata bahari, ghuba imeikata. Lazima urudi ndani, upite msitu wa Jozani, ndipo utokee Paje. Msituni kima punju walikuwa wanavuka njia, mume wangu akazima gari tuwasubiri. Katika ukimya ule akaniuliza, "Unaogopa?"

Nikamwambia ndiyo.

Jambiani alikuwapo shoga yangu. Kwa ukweli aliwahi kuwa. Tulikaa nyumba moja mjini, ya ngazi moja na jiko moja, miaka saba, yeye na mumewe juu na sisi chini. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, jambo kubwa kwetu sisi wakati huo. Watoto wangu wawili wa mwanzo aliwaogesha yeye kuliko mimi. Kisha mumewe akampa talaka, akarudi kwao Jambiani. Eda yake ilipokwisha nilikwenda kumtazama, nikamchukulia zawadi. Alinipokea vizuri. Lakini tangu siku ile hakuja tena kwangu. Nilituma salamu, hazikujibiwa. Nilifiwa na mamaangu, hakuja.

Sababu niliijua, au nilidhani naijua. Mumewe yule alipooa tena mwezi ule ule, harusi ilifanyika nyumbani kwetu, na biriani nilipika mimi. Ningefanyaje, nyumba moja? Lakini moyo wangu haukuwahi kunipa haki. Mtu wa kumwomba radhi kabla ya Makka, ikiwa ni mmoja tu, ni huyu. Na nilijua kuwa akinikatalia, nitakwenda kwa miguu yangu, lakini moyo nitauacha Jambiani.

Tulifika alasiri. Alikuwa ukumbini mwake na mkwewe, mke wa mwanawe, na majirani wawili, wamezungukwa na kamba, wanafunga mbegu za mwani. Nilimtambua kwa mabega. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema bila ya kuinua macho. Kisha akainua. "Ah. Bibi wa mjini."

Mume wangu alimsalimia, akasema anakwenda kuangalia tairi. Tairi haikuwa na kitu.

Nikakaa mkekani. Nikamshika mkono, ulikuwa mgumu na wa baridi kwa maji ya chumvi, nikamwambia nnakwenda Hija na nimekuja kutaka radhi. Nikamwambia habari ya biriani yote, sikuficha, mpaka nani aliyenisaidia kumenya vitunguu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Biriani?" akasema. "Ya yule bwana? Mie ningealikwa ningekula."

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Akavuta mkono wake, akasimama, akaingia ndani. Nilisikia sanduku linafunguliwa. Aliporudi alikuwa na doti ya kanga, nyekundu, pindo za korosho, vipande viwili bado vimeshikana, havijakatwa wala kupindwa, inanukia karafuu. Akaniwekea mapajani.

"Zawadi yako," akasema. "Niliyoletewa siku nilotoka eda. Isome."

Niliijua mara moja. Nilikumbuka duka, nilikumbuka jina la mwenye duka na jina la mwanawe. Ilikuwa siku mbili kabla ya Sikukuu, watu wamejaa mpaka barabarani, nami niliichagua kwa sababu nyekundu ilimpendeza. Lakini maneno yake sikuyakumbuka. Nikaikunjua, nikayatafuta yalipoandikwa, nikaweka kidole.

Nilisoma kama ninavyosoma siku zote, herufi kwa herufi, midomo inacheza. Nilipofika neno la tatu nilihisi joto limenipanda usoni. Siyarudii hapa. Yalikuwa maneno ya kumsimanga mwanamke aliyeachwa, kwamba kaachwa kwa kuwa hakuwa wa kukaa na mume. Mwanamke ndo kwanza ametoka eda, na mimi shoga yake nimepanda gari tatu kumpelekea hayo.

Nilipoinua macho alikuwa haangalii kanga. Alikuwa anaangalia kidole changu.

"Mbona unasoma hivyo?" akauliza.

"Ndivyo ninavyoweza."

"Umejifunza lini?"

"Kwenye darasa la watu wazima. Nilikuwa nshapata wajukuu wawili."

Akakaa chini. "Mwongo wewe. Ulikuwa ukijua majina ya kanga zote. Mimi nlosoma nilikuwa nakuuliza wewe! Mtu akipita njiani na kanga unaitaja jina lake hata hajafika."

Ikabidi nimwambie lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Kwamba sikupelekwa skuli, nililea wadogo zangu. Kwamba majina ya kanga nilikuwa nayasikia kwa watu, na mie jina nikilisikia mara moja halitoki, basi ninaijua kanga kwa sura yake kama ninavyomjua mtu. Lakini ile ilikuwa mpya, nilikuwa sijamsikia mtu akiitaja, na siku ile duka limejaa niliona aibu kumwuliza mwenye duka inasemaje. Nikaangalia rangi.

"Miaka saba," akasema. "Jiko moja. Barua za kakaangu nakusomea, na wewe unatikisa kichwa kama unafuata. Kwa nini hukunambia?"

"Wewe ulikuwa umesoma. Nilitaka unione sawa nawe."

Mkwewe alikuwa ameacha kufunga mbegu, amekaa na kamba mkononi. Nilisikia mume wangu huko nje anaigonga tairi nzima ile kwa teke la kuzuga. Nilikuwa nikimwangalia mdomo, namgojea aseme neno moja tu.

"Mimi nimekusema vibaya pwani nzima hii," akasema mwishowe. "Mpaka hawa watoto wanakijua kisa chako. Bibi wa mjini na kanga yake. Radhi ntakupa. Lakini kwanza waambie hawa, kwa mdomo wako, maana kwangu walikisikia nusu."

Kuwaambia wale ilikuwa tabu kuliko kumwambia yeye. Ni wanawake wadogo, simu ziko mapajani, wanasoma bila ya kutikisa mdomo. Nikawaambia. Nikasema, mimi bibi wa mjini, sikuwa najua kusoma, na nikaona bora nimuumize mtu kuliko kuuliza. Yule mkwe akasema, "Bibi, hata mimi mamaangu hajui." Jirani mmoja akafuta macho, mwengine akanambia pole.

Shoga yangu akanyoosha mkono. "Nimekuwia radhi. Kwa hili, na biriani, na usilolijua. Na wewe niwie radhi, kwa mamaako. Nilisikia amekufa, nikakaa kitako hapa hapa."

Nikamwia radhi. Hapo tukalia kidogo, kizee, bila ya kelele, halafu akanambia nimenenepa.

Jioni ile tulikula pamoja wali na pweza wa Matemwe tuliyekuwa tumemkausha. Aliingia kukiona chumba chetu, akakaa kitandani, akasifu mlango. Kisha akaliona dirisha.

"Mnalala wazi hivi? Fundi, huoni haya?"

"Hili jambo limeshajadiliwa," akasema mume wangu.

Akamtuma mkwewe alete mkasi na sindano. Ile doti akaikata katikati mwenyewe, chap, baada ya miaka yote ile. Kipande kimoja akakipinda kwa ajili yake, akasema atakivaa akienda kwenye mwani, samaki hawajui kusoma na hawana mume. Cha pili tukakitundika dirishani. Mume wangu akauliza maneno yatazame wapi.

"Nje," tukasema pamoja.

Alfajiri, baada ya kusali, nilirudi kujinyoosha. Mume wangu alikuwa nje anachemsha chai. Jua likatoka baharini likaipiga ile kanga, chumba kizima kikawa chekundu. Kwa upande wa ndani herufi zilikuwa zimegeuka kinyume. Nilizitazama moja moja, kwa kidole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sikuweza kusoma hata neno.