Mshono wa Osewe

Nelima mimi sikuwahi kumpenda, wacha niseme mapema. Kibanda chake kiko kando ya changu hapa Laini Saba, wote tunauza omena, wale dagaa wa ziwani, lakini wateja wakitoka relini wanasimama kwake kwanza. Na yeye ni mtu wa Bungoma! Ziwa hajawahi kuliona. Okoth alimwoa hapa hapa Nairobi, akamwachia watoto, akarudi kwetu ziwani kuvua, sawa na mume wangu Osewe.

Zamani magunia ya ufuo wetu yalikuwa yanajaza mkokoteni. Ya wanawake wa hapa, na wa mitaa ya Kabiro na Gatina. Kisha samaki wakapungua, vijana wakakimbilia kazi za mjengo mjini, wazee wakafa, mashua zikapinduliwa kuku wakalala chini yake. Sasa kila Ijumaa basi linashusha magunia mawili tu, langu na la Nelima.

Na kwetu kuna mwiko. Gunia la mke hushonwa na mume wake mwenyewe, kwa uzi wa nyavu. Sindano yako haigusi gunia la mke wa mwenzako. Ikigusa, watu wanajua kuna jambo. Mshono wa Osewe naujua hata kwa vidole, kwa sababu yeye ni wa shoto: uzi wake unalala upande ambao wa wengine haulali.

Ijumaa hiyo nilimsaidia Nelima kutua gunia lake. Nikaangalia mdomo. Woi! Uzi umelala upande wa Osewe. Na gunia lenyewe limeshiba kuliko langu!

Moyo uliwaka. Kumbe ndiyo maana ana leso mpya. Ndiyo maana Osewe akipiga simu lazima aulize, "Na jirani yako anaendeleaje?" Jirani yangu, eti! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijaribu kunyamaza, nikampimia mteja mmoja vibaya, nikashindwa.

"Nelima! Umeanza lini na mume wangu?"

Akacheka. "Mama Akoth, umekunywa nini asubuhi?"

"Usinichekee! Huu si mkono wa Okoth. Huu ni mkono wa Osewe. Kwetu hata mtoto anajua."

"Mkono gani? Gunia ni gunia."

Basi nikamweleza yote kwa kelele: shoto, sindano, mwiko. Watu wakasimama, na nilitaka wasimame. Nelima akaacha kucheka. Aliingia kibandani akatoa magunia matupu ya majuma yaliyopita. Yeye hufungua gunia kwa kukata kona, kwa hivyo mishono ilikuwa bado mizima. Akayatandaza chini.

"Na hili? Na hili?"

Yote ya shoto. La Okoth lilikuwa moja tu, la chini kabisa, limetafunwa na panya.

Nikampigia Osewe, nikaweka spika ili aibu yake isikike mtaa mzima. "Wewe! Unamshonea Nelima gunia?"

Nilisikia kuku, sikusikia mtu mwingine.

"Trizah, usimwambie," akasema polepole. "Okoth alivuka kwenda upande wa Uganda tangu masika. Ana mke huko. Sasa hao watoto wake wale nini? Namvulia Nelima pamoja na wewe. Nashona mimi kwa sababu hapa ufuoni hakuna mwingine wa kushona."

Nelima alisikia kila neno. Watu wakaanza kuondoka, hata wale wanaopenda kuona vita.

Na mimi? Haki ya Mungu, bado niliona wivu. Kwamba siri hiyo alinificha mimi mkewe, ili amlinde Nelima. Kwamba alivunja mwiko kwa ajili yake. Nikakata simu.

Nelima akayakunja magunia yake upya, moja moja. "Mama Akoth," akasema bila kunitazama, "mimi sijui kusoma uzi. Si ungeniacha tu na ujinga wangu?"

Kisha akachukua kisu, akakata kona ya lile gunia jipya, akamimina omena kwenye beseni langu hadi ikamwagika.

"Gunia lako lilikuwa dogo," akasema.