Karata ya Tatu

Nakumbuka asubuhi moja pale Temeke, enzi za Mwingereza, mama alinishika mkono tukaenda kwa Bi Sikudhani kutazamiwa. Mwanangu, usinicheke. Kwetu siku hizo posa haikujibiwa kabla karata hazijasema, na mie nilikuwa nimeshampenda Salumu, kuli wa bandarini, mpaka chakula hakipiti. Mama hakumtaka. Salumu alikuja kuposa na rafiki yake tu, hana mama wala shangazi wa kumsemea, na mwanamume asiye na kwao, alisema mama, ni wa kuogopwa.

Bi Sikudhani alipanga karata tatu mkekani, akafunua ya kwanza: ghulamu wa pau. "Huyu ndiye kijana wenu." Ya pili ikawa saba ya shupaza. Hata watoto walijua shupaza ni kilio. Mama akainuka papo hapo.

"Twende. Simtoi binti yangu akawe mjane."

Bi Sikudhani hata hakupandisha sauti. "Keti, mwanangu. Unaondoka mtu hajamaliza kusema? Akikwambia 'sitaki' ukakimbia, utajuaje kama alitaka kusema 'sitaki uumie'?"

Akafunua ya tatu, bibi wa kopa, akazisogeza zote zikagusana. "Shupaza peke yake ni kilio. Ikilala kati ya ghulamu na bibi wa kopa, ni kijana mwenye msiba anayetafuta wa kumliwaza. Kamuulizeni kafiwa na nani."

Mama akaenda kumuuliza. Salumu akainamisha kichwa: mama yake alifariki Rufiji, habari zikamfikia wameshazika. Mama yangu, na ukali wake wote, alilia. Akamwambia, "Basi mama yako ni mie."

Sikutumi ukatazamiwe, mwanangu. Ya kesho anayajua Mungu. Nakuusia hili tu: usimhukumu mtu kwa neno moja, au kwa siku yake moja mbaya, ukainuka. Liweke hilo baya karibu na mema yake, ndipo ulisome. Haraka haraka haina baraka, na mama nusura aikose yake. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Siku alipofariki, Salumu ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza, akimwita mama.

Mungu akujaalie subira, mwanangu, na akupe nawe wa kukulaza hivyo.