Chasisi Isiyo ya Gari

Mdogo wangu ni mpiga shabaha. Ndivyo anavyojiita, nami humwachia, maana ukimwona Jumamosi kwenye klabu yao kule Moshi, amelala kifudifudi na miwani yake ya njano, utadhani dunia nzima imesimama ikimsubiri afyatue. Kibali anacho, bunduki yake ni halali, na tatizo lake kubwa linajulikana na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe: anafumba macho kabla ya kuvuta triga. Ukimuuliza yeye, kosa ni la kitako.

Nisimwonee. Kitako chenyewe kilikuwa kibovu kweli. Alikuwa anajiundia bunduki ya shabaha kidogo kidogo, mwaka huu mtutu, mwaka ujao mtambo wa kufyatulia, na vyote akavipachika kwenye kitako cha ubao cha bunduki ya zamani. Masika ikianza, ule ubao unavimba, unagusa mtutu, na risasi zinakwenda zinakotaka zenyewe. Tena ulikuwa mrefu mno kwa mikono yake, na shavu halikuwa na pa kuegemea ili jicho likae sawa na darubini. Seremala mzuri mwenye kipande cha mninga mkavu angeyamaliza yote hayo. Angechonga nafasi ili mtutu usiguse kitu, angefupisha huku nyuma, angeinua pa kuwekea shavu, basi. Nilimwambia hivyo, akanicheka. Seremala! Wenzake klabuni wote wanataka chasisi, yaani kitako cha alumini, cheusi, chenye matundu matundu, ambacho kila upande unarefushwa na kufupishwa kwa skrubu. Cha Ulaya bei yake ni pikipiki nzima.

"Sasa dada," akasema, "wewe si uko huko huko vinakotengenezwa?"

Huko huko ni Guangzhou, ambako nina ofisi ya kusafirisha mizigo, mtaa wa Sanyuanli. Watu wa nyumbani wana imani moja kuhusu mji huu, na hakuna mchungaji anayeweza kuwatoa humo: kila kilichopo duniani kipo hapa, kwa nusu bei, na asiyekipata ni mvivu au ana roho mbaya. Nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza mtoto. Nchi hii, sehemu yoyote ya bunduki ni kesi. Hata bastola za kuchezea huwa nazitoa kwenye maboksi ya wateja, walie wasilie. Nikikutwa na kitako, kibali changu cha kuishi kinafutwa, ofisi inafungwa, na kabla ya ndege ya kunirudisha kuna selo. Akanijibu, "Sawa dada, nimekuelewa." Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki chache baadaye akaja ofisini kwangu dalali mmoja wa mtaa wa Dengfeng, mtu wa Dar, kazi yake kuwazungusha wanunuzi madukani. Kichina chake amekiokota kwenye vibanda vya simu, na anakizungumza kwa raha ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa anakosea wapi.

"Dada yangu, nipeleke kwa yule mama wa alumini unakochukua rafu," akasema. "Wewe anakuheshimu. Nimepata kazi ya chasisi."

Chasisi, kwa mtu yeyote aliyewahi kukatia gari bima, ni ya gari. Ile ya mdogo wangu haikunijia hata kichwani; nikadhani anamtafutia mtu fremu ya bajaji. Nikafunga ofisi nikampeleka.

Yule mama alitukaribisha, akatumiminia chai. Dalali hakuigusa. Akaegemea kaunta kama duka ni la baba yake, akasema, "Laobani," maana hapa kila mwenye duka tunamwita hivyo, bosi, "chiang tuo, yo meiyo?" Yaani, ipo au haipo.

Nikakiweka kikombe chini. Tuo ni kishikizo, kitu cha kuegemeza. Chiang ni maneno mawili kwa mtu anayejua kusikiliza. Ukilitamka juu, limenyooka, ni bunduki. Ukilipandisha kutoka chini kwenda juu, ni ukuta. Huyu bwana alikuwa ameuliza kitako cha bunduki, mchana kweupe, mbele ya mwanamke anayelijua jina langu na ofisi yangu. Lakini alikuwa anauliza swali, na Mswahili akiuliza hupandisha sauti. Yule mama alisikia ukuta. Akaingia stoo, akatoka na chuma cha kutundikia televisheni.

Kilikuwa cheusi, kina matundu. Dalali akakipiga picha, akaituma, na kabla sijavuta pumzi simu yake ikapasua duka kwa sauti niliyoibeba mgongoni tangu ikiwa ya kitoto: "Hiyo hiyo, kaka! Ndiyo yenyewe! Mwambie dada aifiche katikati ya viatu!"

Hapo ndipo nilipomjua mteja. Na mpiga shabaha wetu, aliyechambua vitako kwenye simu usiku na mchana, alikuwa ameshindwa kutofautisha bunduki na televisheni.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini dalali alikuwa bado anakigeuzageuza kile chuma, na taratibu akaanza kung'amua kwamba hakina pa kupachika mtutu. Akatikisa kichwa. "Laobani, meiyo, meiyo. Siyo hii." Yule mama, kwa wema wake wote, akatoa simu ya kutafsiri, akachagua Kiswahili, akaisogeza mdomoni kwa dalali. Dalali akakohoa, akaweka koo sawa. Ile simu haipandishi sauti wala haishushi. Inasema unachosema.

Niliinyakua. "Televisheni," nikasema ndani yake, polepole na kwa sauti. "Nne. Kubwa." Mama akafurahi, akaenda kutafuta skrubu zake. Dalali akafungua kinywa, nikamtazama, akakifunga. Nikanunua vyuma vinne vya ukutani nisivyovihitaji na nikanywa chai yangu mpaka mwisho.

Nje, kabla ya kufika kituo cha metro, nilimpigia mdogo wangu. Sikumsalimia.

"Ulitaka nifungwe?"

"Dada nawe, unakuza mambo," akasema. "Kwani wangekufanya nini? Wangekurudisha nyumbani tu."

Nyumbani tu. Ada za wanawe zinatoka ofisi ile. Bati la nyumba anayolala lilitoka ofisi ile, na mtutu, na mtambo, na kila risasi anayoipoteza kwenye udongo wa klabu. Nilikuwa na matusi mengi, ya Kichaga na ya Kiswahili, lakini nikayameza.

"Basi sawa," nikamwambia. "Nyumbani tu. Nitakuja."

Nilimsikia akitoka chumba alichokuwamo na kufunga mlango. Aliporudi hewani, sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa na hofu ambayo jina la selo halikuwahi kumtia.

"Dada, kwani kweli unafikiria kurudi?"