Meno ya Jiwe Njia ya Oldonyo Sambu

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na nyumbani kwetu Arusha, karibu na boma la Wadachi, hapakuwa na mtu wa kunitazama. Ndiyo maana baba, aliyekuwa akinunua ngozi kwa wafugaji, akanichukua katika safari yake ya Oldonyo Sambu. Nilikuwa binti mdogo, ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka.

"Tukikutana na askari usikimbie," aliniambia tukitoka. Siku zile walikuwa wakikamata wanaume njiani wakavunje mawe ya barabara. "Anayekimbia ndiye anayekamatwa."

Asubuhi ile tulipita katika migomba ya Waarusha. Wanawake walikuwa wakipalilia peke yao, wanaume hawaonekani. Baba, aliyezoea kuimba njiani, aliongeza mwendo bila wimbo.

Tulilala Kisongo. Kulipopambazuka tukashika njia ya kaskazini, Mlima Meru ukiwa upande wa kulia, umejifunika wingu. Nyasi zilikuwa fupi. Hata mbuzi asingepata pa kujificha.

Jua lilipokaribia utosini tulisikia vishindo vya viatu. Baba mwenyewe ndiye aliyekimbia. Alinikamata mkono tukaporomoka hadi korongoni, tukalala kifudifudi chini ya ukingo. Nilijishika kwenye udongo, vidole vyangu vikaingia katikati ya meno. Nilidhani mnyama ameniuma. Baba akaniziba mdomo kabla sauti haijatoka.

Juu yetu askari walisimama kunywa maji. Walikuwa na wanaume waliofungwa kamba shingoni. Mmoja wa hao waliofungwa, kijana mrefu aliyechanika ndewe ya sikio la kushoto, akachungulia chini. Tukatazamana.

"Unaangalia nini?" askari akamuuliza.

"Nyoka," akajibu. "Mkubwa."

Askari akarudi nyuma upesi, wakaondoka.

Baba alitega sikio mpaka vishindo vikapotea. Mimi nikatazama kile nilichokishika. Lilikuwa taya, magego yake makubwa kuliko ya ng'ombe, lakini zito na baridi: jiwe tupu. Nikalivuta, nikalifunga katika upindo wa nguo yangu.

Jioni tulifika Oldonyo Sambu kwa Naserian, mjane aliyekuwa akimwuzia baba ngozi.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimaa, nikimwita mama.

"Iko," akaitikia, akitazama nyuma yetu. "Mwanangu Lemayani yuko wapi? Nimemtuma awapokee njiani."

Baba akanitazama kwanza. "Sikio lake likoje?"

"La kushoto limechanika."

Baba akaketi chini, akamweleza yote. Naserian hakulia. Alisimama mlangoni mpaka ndama wote wakaingia zizini. Kisha akaliona lile taya mapajani mwangu.

"Litupe. Mfupa uliokataa kuoza unaita msiba."

Niliogopa, lakini nikalishika kwa nguvu. "Yeyo, nilikuwa nimelishika alipotuokoa."

Alilichukua, akaligeuza-geuza, akanirudishia.

Tulirudi kwa njia za msituni bila hata ngozi moja. Kila tawi lililovunjika lilikuwa nyati, na kila palipokuwa kimya palikuwa na askari. Mama alipotuona alimkumbatia baba hadi mtoto mgongoni akalia.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, na Lemayani ameachiliwa, alipobisha mlangoni kwetu, amekonda, mabega yamejaa makovu. Baba akainuka, akampa kiti chake.

"Nyoka wangu yuko wapi?" Lemayani akauliza, nami nikatoka nyuma ya mama. Akanipa jiwe alilolipasua kule barabarani: ndani yake konokono, mizunguko yake yote imehifadhika. "Mama aliniambia unapenda vitu vya namna hii."

Tangu siku hiyo sijaacha kuokota. Nimeolewa, nimezaa, nimepata wajukuu, na rafu za chumba changu zimejaa samaki, majani na mifupa ya mawe. Safari ile ilinifunza kwamba woga haumzuii mtu kutazama. Bado naogopa makorongo. Nikifika ukingoni huketi kwanza, nikasikiliza njia. Kisha nashuka.