Siku Niliyojibu "Nimeshapoa"

Pale mtaani kwetu Mkuza kuna watu mpaka leo wakiniona nakuja wanageuka kuangalia ukuta, na si kwamba wana kinyongo na mimi, hapana, wanaficha meno. Nimeshawazoea. Ukishamfanya mama mkwe wako aliliwe akiwa hai, tena na watu waliokodi gari kutoka Kisarawe, huna tena pa kuuficha uso, kwa hiyo naona bora niwasimulie mwenyewe, maana huko Kwa Mathias habari imeshaongezewa chumvi mpaka wanasema nilichimba na kaburi. Sikuchimba kaburi. Mengine yote ni kweli.

Ilikuwa masika, na mimi nilikuwa likizo (kuchukua likizo wakati wa masika ni ujinga wa kwanza, lakini huo tuuache). Mama mkwe wangu alikuwa ameletwa kwetu kutoka Maneromango, kule Kisarawe, ili awe karibu na hospitali, presha ilikuwa inampanda na kushuka ikitaka. Mke wangu, mama Joy, akaitwa kwenye semina ya wiki moja Morogoro, na asubuhi ya kuondoka akanisimamisha mlangoni kama mtoto wa darasa la pili.

"Baba Joy, nisikilize. Mama asishtuliwe. Simu yake nimeizima, iko kabatini, usimpe hata akikuomba. Na asisikie habari za Mjomba Zakaria wala za mikorosho, umenielewa? Nikirudi nimkute kama nilivyomwacha."

"Nenda salama, mama Joy. Kwani mimi mtoto?"

Mjomba Zakaria ni mdogo wake mama mkwe, mashamba yao ya korosho yamepakana, na kwa miaka mitatu walikuwa hawasalimiani kwa sababu Mama alidai mpaka umesogezwa na mjomba alidai mpaka haujaguswa. Likitajwa jina lake tu Mama anakaa chini anashika kifua. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, na ilikuwa nyepesi: nyumba itulie, Mama apumzike.

Lakini jamani, mvua ile! Siku nne mfululizo jua hatukuliona, wingu limekaa juu ya paa, nguo hazikauki, njia ya kwenda lami imekuwa tope la kufika kwenye ugoko, na mimi ndani nahesabu vigae vya sebuleni. Nikakumbuka kwamba nina tarumbeta. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu tangu Januari, nikapewa lile la besi, kubwa, la kujizungushia mwilini, na kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimeumudu wimbo mmoja tu, ule wa taratibu tunaopiga tukisindikiza jeneza kutoka kanisani. Nikaanza kuupiga. Nikaupiga asubuhi, nikaupiga baada ya chai, na kwa kweli moyo ulichangamka, kwa sababu ukilipuliza lile dude kifua kinafunguka na mvua unaisahau.

Siku ya pili Mama akatoa kichwa chumbani. "Baba Joy mwanangu, wimbo ni mzuri, ila hilo dude litoe nje."

Hapo ndipo nilipochukua uamuzi mdogo ulioniponza. Nikatoa turubai kubwa la bluu, nikalifunga uani mbele ya nyumba kwa miti minne, nikapanga chini yake mabenchi mawili ili nisikae kwenye unyevu, nikaendelea na wimbo wangu. Ndugu msomaji, unaona tulikofika? Mimi sikuona.

Chini ya turubai ndipo ilipoingia akili ya hovakrafti. Nilikuwa nimeona video ya mzungu mmoja anateleza juu ya maji na matope amekaa kwenye ubao, chini ya ubao kuna mfuko unajazwa hewa na mashine, na ile hewa ikitoka pembeni chombo kinanyanyuka. Nikaitazama njia yetu ya tope, nikajiona nateleza mpaka Kwa Mathias nimevaa viatu vya ofisini, vikavu. Nikachora mpango nyuma ya daftari la nota za kwaya, nikachora na taa za mbele. Na mashine ya hewa nilikuwa nayo! Ni ile ya Mama ya kupulizia unga wa salfa kwenye mikorosho, ya kubeba mgongoni, inayotumia petroli, ambayo niliichukua shambani niitengeneze kabla msimu haujaanza. Nilikuwa nimeshaitengeneza, ilikuwa imekaa stoo hainufaishi mtu.

Kilichobaki kilikuwa ubao. Ijumaa nikavuta mabuti nikaenda Tangini kwa fundi Msafiri, seremala, ambaye kwao ni Maneromango vilevile na ukoo wa mke wangu anaujua wote. Nilifika nimelowa chapachapa.

"Fundi, nataka kitu cha plaiwudi, futi sita kwa mbili na nusu, chini kiwe imara, pembeni kiwe na kingo."

Akaweka randa chini, akavua kofia. "Pole sana, Baba Joy."

Nikajua ni pole ya mvua. "Asante, nimeshapoa."

"Na Bibi wa Maneromango?"

"Bibi amepumzika. Tangu asubuhi. Tunashukuru Mungu, maana jana miguu ilimsumbua sana."

Fundi Msafiri akatikisa kichwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini, "Kiwe na mfuniko?"

"Mfuniko wa nini, fundi? Lazima mtu aone anakokwenda!"

Akanitazama. Akatazama plaiwudi. "Sawa," akasema, "kila mtu na imani yake."

(Haya, nichekeni. Lakini niambieni nyinyi mngejibuje? Kwetu mtu akikwaruzwa na mchongoma anaambiwa pole, akibeba ndoo anaambiwa pole, akitoka kazini anaambiwa pole, nani anauliza pole ya nini?)

Jumamosi saa mbili asubuhi mkokoteni wa fundi ukaleta mzigo, umefunikwa kitambaa cheupe usilowe. Tukaushusha chini ya turubai, watu wakiwa wamesimama barabarani wanatazama. Mimi furaha imenijaa, nikasema nipige wimbo kidogo kabla ya kazi. Nikaupiga wote, beti zote nne. Nikashonea pembeni pindo la turubai kuukuu la kushika hewa, nikatoboa tundu, nikafunga mashine, nikaona petroli hakuna. Mama alikuwa amekunywa dawa zake amelala fofofo, nikafunga mlango wa mbele asije mtu akamsumbua, wa jikoni nikauacha wazi, simu nikaisahau mezani, nikashika njia ya Kwa Mathias na kidumu changu.

Kwenda na kurudi kwa lile tope ilinichukua karibu saa mbili. Narudi, nakuta chini ya turubai langu pamejaa. Wanaume kwenye mabenchi, mabenchi mengine yameongezeka sijui yametoka wapi, wanawake wamefunga khanga kichwani wamekaa kwenye mikeka, na jirani yetu mama Kulwa anapanga mafiga matatu chini ya upenu. Nikajua wamejikinga mvua. Nikajisikia vizuri, kwamba turubai langu linasaidia jamii.

Wakasimama wote. "Pole sana, Baba Joy."

Mimi na tope mpaka magotini, kidumu mkononi. "Asanteni jamani, nimeshapoa."

"Mwanaume huyu ana moyo," nikasikia mmoja anasema.

Mama Kulwa akaniinamia sikioni. "Atapumzishwa hapa hapa, au Kisarawe?"

"Hapa hapa, si ameshazoea," nikasema, "Kisarawe nani atamwangalia?"

Sasa hapo walinitazama kwa namna fulani, na nadhani akili yangu ilianza kuamka, lakini haikupewa nafasi, kwa sababu Hiace mbili zilikuwa zinaingia uani zikiteleza, na kabla hazijasimama vizuri nilisikia kilio. Wakashuka shangazi, binamu, wazee wa Maneromango ninaowajua kwa sura tu, na mbele yao wote, ameegemea fimbo, kofia kifuani, Mjomba Zakaria.

Mtu mmoja tu niliyekatazwa katika dunia nzima ndiye huyo anapita kwenye geti langu.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. Hakuitikia marahaba, alinikumbatia akalia begani kwangu, kisha akaniachia, akaiona hovakrafti yangu imefunikwa kile kitambaa cheupe, akaiangukia.

"Dada yangu!" alilia. "Dada yangu, umeondoka hatujasemezana! Uliona kweli, dada. Ule mpaka niliusogeza mimi. Nilisogeza mimi mwenyewe, na mikorosho yako nikaichuma, na roho ikanisuta, nikaona aibu kuja kusema. Nisamehe, dada yangu!"

Ndipo nilipoelewa, yote, kwa mpigo mmoja: turubai, wimbo, futi sita kwa mbili na nusu, amepumzika. Nilichoweza kufikiria ni mama Joy na maneno yake, asishtuliwe, na kwamba Mama akiamka akasikia haya, safari hii wote hawa watakuwa wamekuja mahali sahihi. Niliogopa kweli, wala sitanii.

Na kwenye kona ya nyumba, upande wa jikoni, akatokea Mama, shuka mabegani, ndala miguuni.

"Zakaria," akasema. "Ulisogeza hatua ngapi?"

Sitaweza kuwaeleza mbio zile. Shangazi mmoja mnene alipita juu ya benchi bila kuligusa. Mama Kulwa aliyeyuka na sufuria. Mjomba alibaki pale pale amepiga magoti, fimbo imemtoka, macho yamemtoka, na kama mtu anayejibu maswali ya malaika akasema, "Kumi na mbili, dada."

"Nilijua. Nilisema kumi na mbili." Mama akavuta benchi lililoanguka, akaliinua, akakaa. "Haya, nyanyuka, utapata kichomi. Nani kafariki?"

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanamgusa mkono wanaona una joto, na walipomaliza kumgusa wote wakanigeukia mimi. Nikaeleza. Nilieleza tarumbeta, nikaeleza likizo, nikaeleza hovakrafti na jinsi hewa inavyonyanyua ubao, na kila nilivyoeleza nilizidi kuonekana mchawi. Fundi Msafiri, ambaye alikuja na Hiace ya pili kuwaelekeza njia, akasema, "Kama si jeneza, liwashe tuone."

Ningekataa! Lakini aibu ikikupanda kichwani unataka kushinda walau moja. Nikamimina petroli, nikakaa juu ya plaiwudi mbele ya umati, nikavuta kamba, mashine ikanguruma. Mama, ambaye alikuwa amesogea chini ya upenu, alikuwa ananipungia mkono, anasema kitu, naona midomo tu, ninachosikia ni "...fa... pole..." Nikamwitikia kwa nguvu zangu zote, "Asante Mama, nimeshapoa!"

Alikuwa anasema, "Salfa uliimwaga? Fungulia polepole!"

Nikafungua mafuta mpaka mwisho. Chombo kilinyanyuka, hilo naapa, kilinyanyuka vidole vitatu, na chini yake, pande zote nne, likatoka wingu la njano la salfa ya msimu uliopita. Ukoo wote wa Maneromango ukageuka njano. Wakapiga chafya, mjomba akapiga chafya saba, mimi sioni mbele, hovakrafti ikazunguka mara mbili na kuteleza kwenye tope moja kwa moja hadi kwenye mti wa turubai, mti ukalala, na maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya juu ya turubai yakatumwagikia wote tuliokuwa chini yake. Mashine ikazimika.

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mama aletwe kwetu. Alikuwa amekaa chini ya upenu, mkavu, ameshika mbavu, anacheka mpaka machozi. "Mungu wangu," anasema, "waliokuja kunizika wamekuwa kama vifaranga!"

Mama Joy alifika saa kumi jioni na basi la Morogoro, semina imekwisha, amepigiwa simu ya pole njiani, amelia njia yote iliyobaki. Alimkuta mama yake uani anakula wali wa msiba na mdogo wake, wanabishana pale mkorosho upi ulikuwa wa nani, na watu wa njano wamewazunguka. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, hakusema neno, na kwa wiki mbili hakulisema. Jumatatu tulimpeleka Mama hospitali, daktari akapima presha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini ilivyoshuka, akauliza tumempa dawa gani.

Mpaka wa mikorosho umerudishwa. Ile plaiwudi Mama ameichukua Maneromango, vifaranga wanalelewa humo. Mimi hovakrafti nimeapa basi, na siku hizi mtu akiniambia pole, hata nikiwa nimejigonga kidole naruka na mguu mmoja, sijibu kitu mpaka nimuulize kwanza, pole ya nini?

Tarumbeta sijaliacha, ila nimejifunza wimbo wa pili, wa harusi. Nilipokwenda kumsalimia Mama nikampigia, akausikiliza wote, akaniambia, "Huo ndio uwe unaupiga, mwanangu. Ule mwingine hata siku nikifa kweli usiupige."

"Kwa nini, Mama?"

"Watasema Baba Joy yuko mazoezini, na hakuna atakayekuja."